Spika Niliyoivunja Funyula

Mimi nina hasira, nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele. Mama yetu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Mdogo wangu ana kovu juu ya nyusi, mimi ndiye niliyempa kwa kifuniko cha sufuria tulipokuwa watoto, na yeye akanivunja jino la pembeni kwa mwiko wa ugali. Tumekua hivyo hivyo, tukipigana asubuhi na kula sahani moja mchana. Watu wa mtaa wetu wa Burumba, hapa Busia mpakani, wanaotujua waliacha kitambo kuja kutuamua.

Kazi yetu ni kukodisha vitu vya mazishi. Mimi nina tenti na viti vya plastiki, yeye ana spika, mixa na jenereta. Harusi zipo, na wanasiasa wapo wakati wao ukifika, lakini kuanzia Malaba mpaka Samia kinachomlisha mtu wa kazi hii ni mazishi. Huku kwetu maiti hazikwi kimya. Anaimbiwa, anaombewa, anasemwa vizuri hata na aliyekuwa akimchukia, na maneno yote hayo ni lazima yafike mpaka kwa jirani aliyekataa kuja. Familia ikikosa nyama watu watasamehe. Ikikosa sauti itasemwa mpaka wajukuu wakue.

Sasa mdogo wangu akashikwa na ugonjwa wa jina. Kuna kampuni moja ya ng'ambo inayotengeneza spika za watu wenye pesa. Siitaji, maana hawanilipi nikiwataja. Ina nembo ndogo ya chuma inayokaa pembeni, chini, na mtu wa Busia akiiona nembo ile anasimama wima. Hoteli moja upande wa Uganda ilifungwa, ikauza vitu vyake, na mdogo wangu akanunua spika moja kuukuu yenye nembo ile kwa pesa ya ng'ombe mzima. Alirudi nayo akiwa ameikumbatia nyuma ya pikipiki, uso umejaa vumbi, anacheka peke yake.

Nilimrukia pale pale uani. "Umenunua stika," nikamwambia. "Boksi la fundi wa hapa sokoni linapiga kelele ile ile. Wewe umelipia matangazo ya Wazungu."

"Dada, keti kwanza," akasema. "Sikiliza."

Akaunganisha waya, akaweka wimbo wa kwaya, sauti ya mama mmoja na kayamba tu. "Usisikilize besi," akaniambia. "Besi hata debe la maji linatoa. Sikiliza vile huyu mama anavuta pumzi kabla ya neno. Kwa spika zetu zile za zamani pumzi inapotea, unabaki na kelele. Unasikia?"

Nikamwambia nasikia kelele. Akaniita kiziwi. Nilimrushia kiti, akakikwepa, kikaenda kuvunja kioo cha dirisha la mpangaji wetu, na mpangaji akatoka na panga. Siku ile tulikaribia kumwaga damu kwa sababu ya pumzi ya mwimbaji.

Lakini si mimi tu niliyekuwa na shaka. Jirani yetu wa duka la vitu vya umeme, mzee mmoja Mwislamu mpole sana, anazo nembo zile ndani ya mkebe wa majani ya chai, anaziuza moja moja pamoja na gundi. Haziuzi kwa kujificha. Nilimuuliza kama haoni aibu.

"Aibu ya nini, mama?" akasema. "Anayenunua anajua amenunua chuma na gundi. Anayekuja kukodi kwake ndiye hajui, na huyo mimi sijamwona dukani."

Wateja wetu nao si wajinga, au wanajiona si wajinga. Wanajua nembo hubandikwa. Kwa hiyo mtu akija kukodi spika hatazami nembo peke yake, anainama, anaikumbatia na kuinyanyua. Spika ya kweli ina sumaku kubwa na mbao ngumu, ni nzito, na ile feki ni nyepesi. Mpaka mwili umuume kidogo ndipo anakubali. Nimeona wazee wenye mkongojo wakinyanyua, nimeona mwalimu mkuu aliyevaa suti akinyanyua. Hakuna anayeomba iwashwe. Hapa spika inapimwa kwa mgongo.

Spika moja peke yake ilionekana nusu. Watu wanataka mbili, moja kila upande wa jeneza. Mdogo wangu akatafuta pacha wa ile, akatafuta mpaka akakonda, kisha mtu mmoja anayevusha mizigo kwa baiskeli akamletea. Nembo ile ile, rangi ile ile, hata mikwaruzo ipo. Aliinyanyua kama wengine wanavyonyanyua, ikamlemea, akafurahi. Jioni hiyo aliniletea samaki mkubwa wa kukaanga, na yeye si mtu wa kununulia watu samaki.

Tulipoiwasha ilitatarika kama mafuta ya moto yaliyotiwa maji. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Bado mpya ndani," akasema, hanitazami. "Spika za maana ni lazima zipigwe muziki muda, karatasi yake ilainike. Ndivyo zilivyo."

"Sikio lako linakwambia nini?"

"Linaniambia ufunge mdomo."

Akanipiga kofi, nikamng'ata mkono. Alijua. Najua alijua, kwa sababu mtu asiyejua hapigi kofi. Ila alikuwa ameshaambia mji mzima kwamba ana pea.

Halafu lori likamuua mwendesha boda wa Malaba. Kulikuwa na foleni ya kuvuka mpaka, dereva akarudi nyuma bila kutazama, akampanda kijana wa watu na pikipiki yake. Waendesha boda walipasua vioo vya lori lile vyote, wakamvuta utingo wakamtoa meno, na dereva aliponea kwa kukimbilia ndani ya kituo cha polisi. Siku kadhaa baadaye wakaja kwetu Burumba kundi zima, sauti zimekauka kwa kupiga kelele. Mwenyekiti wao alikuwa jitu la mtu, amevaa jaketi la kung'aa ambalo bado lilikuwa na damu begani. Ndiye aliyembeba marehemu.

"Boss, tunataka orijino," akamwambia mdogo wangu. "Mwenzetu hatasindikizwa na mkebe."

Wakanyanyua. Wawili walibeba ya kulia, ile ya hotelini, wakaitikia kwa kichwa, wakabeba ya kushoto wakaitikia tena. Nilimvuta mdogo wangu nyuma ya jenereta nikamwambia abebe ile nzuri peke yake, nyingine aiache nyumbani, aseme imeharibika. "Wamenyanyua zote mbili," akasema. "Wamezikubali." Nilimshika shati, akaniondoa mkono. Mtu akitaka kuamini kitu utamfanya nini?

Nyumbani kwa marehemu ni karibu na Funyula. Walifika na jeneza katikati ya pikipiki, honi zimeshikiliwa, matawi yamefungwa mbele, moshi mpaka macho yanawasha. Walikuwa wamekunywa na hawakuwa wamelala. Mjumbe wa mwanasiasa mmoja alijaribu kuchukua maiki kabla ya zamu yake, wakamtupa ndani ya mahindi na kumkanyaga, akaondoka na kiatu kimoja. Mimi nilikuwa upande wa tenti nikikaza kamba, na kila aliyenipita alinuka petroli na pombe ya chang'aa. Niliogopa. Mimi huwa siogopi watu, lakini wale niliwaogopa.

Kabla ya jeneza kupelekwa kaburini mama mzazi ndiye anayesema mwisho. Huyu alikuwa mwembamba, sauti yake ndogo ya mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuongea mbele ya watu. Katekista akampa maiki na kumshikilia kiwiko. Uwanja wote ukanyamaza, hata walevi.

Alisema jina la mwanawe. Spika ya kushoto ikalia. Sijui niseme ililiaje, ilikuwa ni chuma kinachokwaruza ndani ya fuvu la mtu, watu wakaziba masikio, watoto wakaanza kulia. Yule mama alishtuka akadondosha maiki na kuanguka kando ya jeneza, upande wa miguu. Moshi ukatoka kwenye spika, ikakatika.

Waendesha boda wakaifikia kabla ya mtu yeyote. Mmoja akaipiga teke ikatoka kwenye kigoda chake, ikaanguka kwa kona, ubao wa nyuma ukafunguka. Ndani kulikuwa na kispika kidogo cha redio kimefungwa kwa waya, na chini yake simiti. Simiti kavu, iliyomwagwa ikakauka humo, bonge la kutosha kujenga ngazi.

Mwenyekiti akaliokota. "Hii ni nini?" akamuuliza mdogo wangu. Hakupaza sauti.

"Boss, hata mimi—"

Alimpiga nalo upande wa kichwa. Nilisikia mfupa. Nilikuwa mbali na nikausikia. Mdogo wangu akakaa chini kama mtu aliyechoka, na hapo mtu mmoja nyuma akasema neno "mwizi". Kwetu neno hilo likishatoka hakuna anayeuliza limetoka kwa nani. Walimfunika. Walitumia buti, fimbo za matawi yale yale ya kumsindikizia mwenzao, kofia za pikipiki. Nikaona kijana mmoja amechuchumaa kando ya pikipiki yake, amechomoa mpira, anajaza petroli kwenye chupa ya soda, polepole, anaangalia isimwagike.

Nilikimbia. Nilivuta mashati, nikang'ata mtu sikio, nikapigwa kiwiko mdomoni na hawakujua hata wamempiga nani. Nilikuwa naita kwamba ni ndugu yangu, kwamba yeye pia aliuziwa feki, na maneno yangu hayakuwa na mahali pa kuingia. Katikati ya miguu niliuona mguu wake, hauna kiatu, soksi imetoboka kidole. Soksi ile nilikuwa nimemwambia aitupe.

Nikarudi kwenye tenti nikachukua nyundo kubwa ya kupigilia vigingi. Nataka nieleweke hapa. Sikuichukua kwa hekima yoyote. Niliichukua nimuue mwenyekiti. Nilimfikia kwa nyuma, niliona kisogo chake, jasho, mikunjo ya shingo, na nyundo ilikuwa tayari juu ya bega langu. Kitu kilichonizuia ni kwamba nilimsikia yule mama akilia, karibu sana, kama analia begani mwangu. Nikageuka. Hakuwa karibu. Alikuwa bado kule kwenye jeneza na maiki iko chini kando ya mdomo wake, na aliyekuwa begani mwangu ni spika ya kulia, imesimama kwenye kigoda chake, nzima.

Nikaigeuzia ile nyundo.

"Feki!" nikapiga kelele kwa nguvu yote niliyonayo. "Na hii pia ni feki! Mnampiga mtu, na kilichowatukana ndicho hiki hapa!"

Pigo la kwanza lilibonyeza wavu wa mbele. Watu kadhaa wakageuka. Pigo la pili likaiangusha, na kishindo cha kuanguka kwake kikawageuza wengine, na aliyekuwa na kofia ya pikipiki akaja akapiga nayo, na mwenye jiwe akaja na jiwe. Mtu mwenye hasira ukimpa kitu kinachovunjika atakuja, najua hivyo kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikaendelea kuwaita, nikawatukana, nikawaambia wanapiga kama watoto wa nasari.

Na ile spika haikufa. Hili ndilo sijawahi kumwambia mtu. Tuliipiga imelala chali, mbao zimepasuka, wavu umeingia ndani, na bado ilikuwa inamtoa yule mama vile alivyo. Nilimsikia akisema "mwanangu". Kabla ya neno nilisikia pumzi, ndogo, imekwama mahali fulani kifuani ikajivuta ikapita, kisha neno likaja. Kelele zote zile, mawe na matusi, na ile pumzi ilikuwa safi. Sijawahi kumsikia binadamu kwa ukaribu ule, hata mume wangu, hata watoto wangu. Nikajua mdogo wangu alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza uani. Kulikuwa na kitu ndani ya jina lile, si gundi peke yake. Machozi yakanitoka na sikuacha kupiga, kwa sababu ningeacha wangekumbuka kumrudia.

Yule kijana alileta chupa yake. Akaimwagia spika, mtu akatupa kiberiti. Ilisema maneno mengine mawili ndani ya moto, sikuyashika, halafu ikanyamaza.

Wanawake wa kanisa walikuwa wameshamzunguka mdogo wangu. Walikaa chini, sketi zao nyeupe kwenye damu, bega kwa bega, migongo nje. Hakuna mwendesha boda aliyevuka migongo ile. Dereva wangu wa pikapu akarudi kinyumenyume mpaka pale tukampakia juu ya turubai la tenti. Mwenyekiti alinipita mikono inaning'inia, uso umelegea, amezeeka ghafla. "Nenda, mama," akasema. Ningekuwa bado na nyundo ningempiga hata hapo.

Nilikaa nyuma ya pikapu na kichwa cha mdogo wangu mapajani mwangu. Damu ilikuwa inatoka ndani ya sikio la kushoto, na jicho moja lilikuwa limefungwa kabisa. Kila shimo la barabara lilimtoa mguno. Tulipokuwa tumeacha Funyula nyuma akafungua jicho lililobaki.

"Ya kulia?" akauliza.

"Nimeivunja."

Akanitukana. Alinitukana mimi, nyundo yangu, na aliyenioa. Tusi lingine lilimhusu mama yetu sote wawili na sikumkumbusha. Halafu sauti ikaanza kushuka, jicho likageuka jeupe, kichwa kikawa kizito.

Dereva akapiga kioo cha nyuma. "Mama, asilale. Ukimwacha alale haamki tena."

Nilimwita, hakuitika. Nilimpiga shavu lisilovimba, hakuitika. Nilianza kusali nikasahau maneno katikati. Basi nikasema kitu cha kwanza kilichokuja mdomoni. "Kwanza ilikuwa jina tu ile. Hakuna spika pale. Ulinunua stika."

Jicho likafunguka. "Wewe," akasema, "hujui kitu."

"Najua. Sumaku ni sumaku. Ubao ni ubao."

Akaanza kunieleza. Alinieleza mbao zinavyobanwa zisitetemeke, karatasi inavyokatwa, kwa nini sauti ya mtu inahitaji nafasi. Damu ilikuwa mdomoni, anatema, anaendelea. Akipungua namtupia lingine: kwamba watu wenye pesa hununua kuonwa, si kusikia, kwamba kule kiwandani wanatucheka, kwamba mzee wa duka na mkebe wake wa majani ya chai ni muungwana kuliko kampuni nzima, kwa kuwa yeye husema wazi anauza nini. Kila neno nililolisema nilijua ni uongo au nusu yake. Leo akisimulia safari ile, kwa sikio moja alilobaki nalo, husema nilimtesa njia nzima, na watu hunitazama vibaya.

Barabara kuu ilikuwa imejaa malori yanayongoja kuvuka. Dereva akapanda kando, juu ya majani, anapiga honi. Mdogo wangu akawa ameacha kunijibu. Nikamwambia tena ni matangazo tu. Nikamwambia ameibiwa na Wazungu na amekufa, na mimi nikasikia nimesema amekufa. Mdomo wake ulikuwa wazi na mkavu. Niliinama mpaka kwenye sikio la kulia na kutafuta neno baya kuliko yote.

"Hata mama wa marehemu hakusikika," nikasema.

Hakuna kitu. Lori, honi, lori. Kisha midomo ikasogea.

"Alisikika," akasema. "Mjinga wewe. Nilikuwa chini na nikamsikia."

"Hakusikika," nikamwambia, nikaushika uso wake kwa mikono miwili na kungoja aniambie tena.